Kabla ya Mwaka wa Kwenye Kibao: Shule Ndogo za Mwambao wa Ziwa Tanganyika



Nimeombwa nizungumzie katika semina hii namna ya kuandika historia ya shule ndogo ya kijijini. Nianze na kibao kinachosimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kikisema shule ilianzishwa 1974 au 1976, tusiharakishe kukinakili. Mwaka huo ni wa mhuri: unaonyesha serikali ilipoitambua shule. Watoto wa kijiji hicho huenda walikuwa wanasoma tangu zamani, mahali pengine, chini ya paa jingine.

Tuchukue Ujiji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliukuta mji wa biashara wenye Waislamu waliotoka pwani. Walipo hao, chuo cha Kurani hakikosekani: baraza la nyumba, mwalimu mmoja, watoto wa umri mbalimbali, kila mmoja na ubao wake na mahali pake alipofikia. Wakubwa huwasomesha wadogo. Hiyo ni shule ya chumba kimoja kwa kipimo chochote kile, lakini wakaguzi wa kikoloni hawakuihesabu, na sisi tumerithi orodha zao bila kuziuliza maswali.

Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, nao walifika Ujiji Januari 1879. Hawakufanya mji huo makao yao makuu. Mwaka 1885 walikabidhiwa ngome ya Karema, kusini zaidi, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji. Huko ndiko alikofika Adrian Atiman mwaka 1889: mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu na kufundisha dini Karema hadi alipofariki 1956. Namtaja kwa sababu tumezoea kumdharau katekista, kana kwamba kazi yake ilikuwa kukaririsha sala tu. Katika vijiji vingi vya mbali na misheni, katekista ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa kusoma na kuandika, mwandishi wa barua za watu, na wakati mwingine mganga wa vidonda. Darasa lake lilikuwa banda la miti na udongo, paa la nyasi, magogo ya kukalia. Sheria ya elimu ya 1927 ilipoleta ruzuku, fedha zilikwenda kwa shule zenye walimu waliofuzu na mtaala uliokubaliwa. Banda la katekista lilibaki nje.

Hapa pana jambo ambalo halimo kwenye madaftari ya shule, nalo ni la msingi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Chini ya Waingereza, Buha, nchi ya Waha, ikawa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na wanaume wakapanda treni kwa maelfu. Mkoa uliohesabiwa kuwa ghala la vibarua haukuwekwa mbele katika ujenzi wa shule. Mtu akikuambia Waha hawakupenda shule, mwulize kwanza ilikuwa wapi.

Linganisha na mbuga za Amerika Kaskazini, ambako shule ya chumba kimoja imeandikiwa vitabu vingi. Kwa sheria ya Marekani ya 1785, ardhi ilipimwa kwa miraba ya maili sita kila upande, na katika kila mraba eneo moja kati ya 36 likatengwa kwa ajili ya shule. Kiwanja kilitangulia watoto. Kwetu watoto walitangulia, na kiwanja kikawafuata. Tena kaskazini mwa Kigoma milima inashuka karibu kuingia ziwani. Vijiji vimebanwa kwenye vipande vyembamba vya pwani, na kwa miaka mingi Mwamgongo au Kagunga mgeni alikwenda kwa boti. Mkaguzi naye alisubiri boti.

Kisha watu wenyewe wakahamishwa. Operesheni Kigoma ilianza 1972. Watongwe, waliokuwa wakiishi kwa vitongoji vilivyotawanyika kusini, pamoja na vile vya milima ya Mahale, wakakusanywa vijijini. Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto aandikishwe, na walimu wakatafutwa upesi: vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa huku wakifundisha. Hao ndio walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, jina ambalo baadhi ya watu hulitamka kwa kebehi. Mimi kebehi hiyo siioni haki. Bila wao, vijiji vipya vingekuwa na majengo matupu. Ila ndipo miaka ile ya vibao ilipozaliwa, na shule zilizoachwa kwenye mahame zikafutika kwenye kumbukumbu.

Shule ndogo haijaisha. Leo inaitwa shule shikizi: vyumba vichache vya madarasa ya awali na ya chini, mbali na shule mama, ili mtoto mdogo asitembee mwendo wa kumchosha. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipotolewa mwaka 2021, madarasa 3,000 yalipangiwa vituo vya aina hiyo nchini. Anzeni kuandika habari zake sasa, mwalimu wa kwanza angali hai.

Kuhusu vyanzo, rejesta ya uandikishaji ndiyo ya kwanza: itawaonyesha umri wa watoto na vitongoji walikotoka. Daftari la mahudhurio nalo lisomwe pamoja na kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi. Dagaa wa usiku huanikwa asubuhi, na mikono ya watoto huhitajika. Napendekeza tupime kama utoro unafuata giza hilo. Kwa mahame, nendeni na mzee aliyehamishwa, mtafute miembe na uzio wa mkonge, naye aonyeshe mlango ulikuwa upande gani.

Mchana, kila kikundi kichague shule moja, kiorodheshe sehemu zote ilizowahi kuwapo, na mwaka wa kibao kiuandike mwisho.