Kupimwa Kabla ya Kuugua

Shinikizo la damu haliumi. Mtu huamka, hulima, hufungua duka, na jioni hula na watoto wake bila kujua kwamba mishipa yake inadhurika. Wengine hulijua siku wanapopatwa na kiharusi. Siku hiyo aliyekuwa akiitegemeza nyumba ndiye anayebebwa.

Kupimwa ni dakika chache tu. Mashine ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Wahamasishaji wa afya ya jamii, walioanza kupewa mikoba ya vifaa Septemba 2023, hupima hata nyumbani.

Meno ni vivyo hivyo: tundu dogo huzibwa, likiachwa jino hung'olewa. Nao wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanashauriwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi hata wakijihisi wazima.

Kujisajili na SHA ni kwa kubonyeza *147#. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.