KOKI ILIYOLEGEA: MANENO YETU MBELE YA MKUTANO WA WANACHAMA



Tumetakiwa kueleza habari ya ile koki. Wengi mmeshaisikia kwenye kahawa, tena nusu tu, na ile nusu yenyewe ina chumvi. Afadhali yote ibandikwe hapa ukutani.

Mwezi uliopita lilikuja karakanani gari-nyumba la wageni wawili, mtu na mkewe, wakitoka Serengeti. Ni lile ambalo watoto walilikimbilia: ndani lina kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Koki ya sinki ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Sisi tukaona, ah, kazi ndogo. Kijana mmoja akaingiza mkono chini ya sinki, akakaza nati kwa spana kubwa mpaka ikalia. Tukapokea pesa, gari likaenda. Siku ya tatu hilo linarudi! Ubao wa kabati umevimba, godoro limelowa upande mmoja, tangi tupu, betri imekufa. Pesa yao tuliwarudishia, na ubao mpya tukanunua kwa fedha za mfuko. Fedha hizo ni zenu, kwa hiyo mna haki ya kuuliza.

Kwanza, hatukujiuliza kwa nini imelegea. Koki ya nyumbani inashikwa na bomba la chuma lililojengewa ukutani. Ya gari inashikwa na bati jembamba la sinki na nati moja, basi. Na njia waliyopita mnaijua: lami inaishia lango la Ngorongoro, na kutoka pale kwenda Serengeti ni changarawe yenye rasta. Rasta inalegeza hata bolti za springi, sembuse nati ya koki! Bati likishaanza kunesa, kukaza peke yake ni kulikunja tu. Ilitupasa kukata kipande cha plaiwudi au bamba la alumini, kukitoboa katikati, kukiweka chini ya sinki pamoja na washa pana, ndipo nati ifuate. Hapo mzigo unaenea, na koki haina pa kuchezea.

Pili, ile spana. Chini ya koki kuna nati nyingine ya plastiki, inayounganisha mpira wa maji. Ya namna hiyo hukazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana ndogo, unaacha. Sisi tulivuta kama tunafunga gurudumu la lori, ikapata ufa mwembamba usioonekana. Tena tukaizungushia tepu nyeupe, na pale panazibwa na washa ya mpira. Tepu haina kazi pale, inaizuia washa isikae sawasawa.

Tatu, na hili ndilo lililoua betri. Bomba la kijijini likivuja, hasara ni maji na bili. Ndani ya gari maji yanasukumwa na pampu ndogo ya volti 12, yenye swichi inayosikia presha. Presha ikishuka, pampu inawaka yenyewe. Tone likidondoka usiku kucha, pampu inawaka na kuzima usiku kucha. Yule mama mgeni alisema aliisikia ikikoroma, akadhani ni kawaida yake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu: zima pampu, fungua koki, maji yaliyobaki yatoke. Ukimaliza, funga koki, washa pampu, kisha tulia usikilize. Ikilia na hakuna aliyefungua maji, kuna mvujo. Weka karatasi kavu chini ya kila kiungo, ungoja nusu saa. Nusu saa hiyo hatukuitoa, tukalipa ubao.

Kama koki yenyewe ina ufa, usihangaike, badilisha. Ila chukua ile ya zamani mkononi uende nayo dukani mjini. Maduka yetu yanauza hesi ya Kiingereza. Gari la Kimarekani lina hesi ya nusu inchi yenye meno 14 kwa inchi, na ya Kiingereza vilevile 14, kwa hiyo utazungusha mara mbili tatu ufurahi. Lakini jino la Kiingereza limekatwa nyuzi 55, la Kimarekani 60, na kipenyo hakilingani sawasawa. Litashika, kisha litavuja.

Jambo la pembeni: wageni huomba kujaza tangi hapa. Tuwaambie ukweli kwamba maji mengi ya upande huu wa Meru yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Meno yetu ni ushahidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ya kuosha vyombo, sawa. Ya kunywa wayapate pengine.

Tumesikia pia kijana aliyekaza anachekwa. Tulikuwa wanne tumesimama juu yake na hakuna aliyemwambia acha. Spana mbili ndogo na bamba la mfano viko kwa mtunza stoo. Gari jingine la namna ile linakuja Jumatano, na atakayeingia chini ya sinki ni yeye yuleyule.