Baada ya Matanga: Daktari wa Familia na Wazazi wa Mtoto Aliyejiua



Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Huo ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, fedheha haifutwi na hukumu. Wapo wazazi wanaowaambia majirani kwamba mtoto aliugua ghafla, wakazika haraka, wakafunga mlango.

Mzazi wa namna hiyo haji kwetu madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi akisema ana majonzi. Huja na presha, vidonda vya tumbo, kichwa kisichopoa, usingizi uliokimbia. Tukimwandikia dawa na kumwita anayefuata, tumemwacha palepale alipokuwa. Msimamo wangu ni huu: tusimngoje aje. Daktari anayeijua familia ampigie simu au aende nyumbani, tena asiishie siku ya mazishi. Arudi baada ya matanga, jamaa wakishatawanyika na simu za pole zikishakoma.

Wengi wetu hukaa mbali kwa kukosa la kusema, na kama mtoto alikuwa mgonjwa wetu, kwa kuogopa lawama. Naielewa hofu hiyo, lakini mzazi huiona kama kutengwa. Inatosha kuketi, kumpa pole na kumtaja mtoto kwa jina lake.

Hapo swali litakuja: "Nilikosea wapi?" Baba aliyegombana na mwanawe usiku wa mwisho huamini ugomvi ule ndio uliomuua. Tusikimbilie kumwambia hakukosea. Kwanza tumsikilize mpaka amalize. Kisha tumweleze tunachokijua kitabibu: mara nyingi kujiua hutokana na mambo kadhaa yaliyokutana, kama sonona, pombe, madeni, kuvunjika kwa uhusiano au maumivu ya muda mrefu, na si neno moja lililotamkwa nyumbani. Ripoti ya upasuaji wa maiti nayo tuisome pamoja naye kwa lugha anayoielewa, akitaka. Akiuliza kama mtoto aliteseka, tusimdanganye.

Lipo jambo tunaloliogopa bila sababu. Mzazi aulizwe waziwazi kama naye anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Humfungulia njia ya kusema. Tuulize pia habari za ndugu wa marehemu, ambao mara nyingi husahaulika kwa kuwa macho yote yako kwa mama. Ili kuwalinda waliobaki, dawa za kuua wadudu wa shambani ziondolewe nyumbani, na vidonge vya usingizi, vikihitajika, vitolewe vya siku chache tu.

Naomba kila kituo kilichowakilishwa hapa kimteue mhudumu mmoja wa kuwafuatilia wazazi hawa. Tarehe ya kifo iandikwe kwenye faili la mama na la baba, na mwaka ukitimia mtu awapigie simu.