Jinsi Goti Linyookavyo



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya kazi ambayo kila mtu huifanya tangu aamkapo, wala haiangalii: kunyoosha viungo.

Twende kwanza Kidete, stesheni ya reli katika bonde la mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliiharibu vibaya njia ile, ikabidi itengenezwe upya. Mfikirini mtu wa kazi hiyo, yeye na mwenziwe, wainuapo taluma: huchutama, hushika, kisha huinuka. Ni nini kilichowainua? Wengi hudhani kwamba msuli husukuma. Sivyo. Msuli hauwezi kusukuma hata kidogo. Kazi yake ni kuvuta tu, kama kamba.

Basi kamba hunyooshaje goti? Mbele ya paja mna misuli minne. Chini hukusanyika kuwa kano moja nene, nayo hupita juu ya pia ya goti, ikashikamana na mfupa wa muundi. Misuli ikijifupisha, muundi huvutwa na goti hunyooka. Ile pia, ambayo watoto hupenda kuichezea kwa kidole, si pambo: huitenga kano mbali kidogo na kiungo, nguvu ikazidi, kama mtaimbo mrefu ushindavyo mfupi. Nyonga nayo ina misuli yake matakoni. Na mnyooshaji wa kiwiko hukaa nyuma ya mkono.

Sasa lililotuleta hasa. Mgonjwa alalapo siku nyingi, jamaa humwekea mto chini ya goti apate raha. Ni huruma, lakini yenye hatari: misuli ya mbele hunyong'onyea upesi, na nyama za nyuma huzoea ufupi. Tumewaona watu waliopona homa, wakaondoka kitandani kwa gongo, goti limekataa kunyooka.

Aliyevunjika mfupa amwulize tabibu kwanza. Mwingine na alale mguu umenyooka, mto umeondolewa, akandamize kitandani upande wa nyuma wa goti. Wekeni kiganja juu ya paja lake: mtausikia msuli ukiwa mgumu, na pia ikivutwa juu. Ahesabu mpaka tano, aachilie. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Hata asiye na nguvu za kuuinua mguu aweza kuanza hivi siku hiyo hiyo.