Sikio na Maandishi: Hoja ya Kupima Kusikiliza Pamoja na Kusoma Kiingereza katika Shule za Upili za Kwale

Utangulizi

Mwalimu wa Kiingereza akisahihisha zoezi la ufahamu na mwanafunzi akaambulia alama 6 kwa 20, mwalimu huyo amejua jambo moja tu: mwanafunzi hakuelewa. Sababu haijui. Pengine maneno yenyewe yalimshinda kusoma, akawa anakwama kila mstari hadi maana ikampotea. Pengine aliyasoma yote sawasawa, ila Kiingereza chenyewe hakijamkaa. Hata angesomewa kwa sauti asingefahamu. Pengine alielewa vizuri, akashindwa kuandika jibu. Alama inabaki ile ile 6, na mara nyingi hatua inayofuata huwa ile ile pia: kumpa ufahamu mwingine afanye. Mada hii, iliyoandaliwa kwa semina ya walimu, inadai kwamba shule za upili za Kaunti ya Kwale, kuanzia Matuga na Msambweni hadi Kinango na Lunga Lunga, zinapaswa kupima kusikiliza kwa sikio sambamba na kusoma kwa macho, kwa vifungu vya uzito mmoja, ili mwalimu ajue mwanafunzi amekwama wapi. Inadai pia kwamba kazi hii inawezekana sasa hivi, kwa vifaa vilivyopo, bila kungoja mtihani wa taifa ubadilike.

Kinachopimwa leo

Somo la Kiingereza katika mtihani wa taifa wa KCSE lina alama 200 katika karatasi 3. Karatasi ya kwanza, yenye alama 60, hupima uandishi wa kiuamilifu, kujaza mapengo na stadi za mazungumzo. Ya pili, yenye alama 80, hupima ufahamu, uchambuzi wa fasihi na sarufi. Ya tatu, yenye alama 60, ni ya insha. Hizo stadi za mazungumzo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa huulizwa aandike neno linalotamkwa sawa na jingine, aonyeshe silabi inayotiwa mkazo, ajaze upande mmoja wa mazungumzo, au aeleze angejiandaa vipi kwa mahojiano. Maswali hayo yana faida yake, lakini mtahiniwa anaweza kuyajibu yote na kuzoa alama zote bila sikio lake kusikia sentensi hata moja ya Kiingereza. Aliyekariri orodha za maneno kutoka karatasi za miaka iliyopita anaweza kumpiku aliyejifunza kusikiliza. Na kwa kuwa walimu hufundisha kinachotahiniwa, kusikiliza kumebaki kuwa stadi inayotajwa kwenye maazimio ya kazi na kurukwa darasani.

Mtaala wa umilisi umeliona pengo hili, kwani unaiweka mada ya kusikiliza na kuzungumza sambamba na kusoma, sarufi na kuandika. Mtaala huu unachukua nafasi ya ule wa zamani hatua kwa hatua: KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, tathmini ya kwanza ya gredi ya 9 ikafanywa mwaka 2025, gredi ya 10 ikaanza Januari 2026, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafungwa mwaka 2027. Katika matokeo ya gredi ya 9, asilimia 60 hutoka kwenye tathmini ya mwisho, 20 kwenye ile ya gredi ya 6, na 20 kwenye tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba kipimo kinachofanyiwa shuleni sasa kina uzito rasmi katika maisha ya mtoto. Mlango umefunguliwa; kilichobaki ni walimu kuingia na kipimo kinachoaminika.

Kwingineko duniani kusikiliza kumetahiniwa kwa muda mrefu. Katika mtihani wa China wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kwa kawaida huwa na alama 150, na 30 kati ya hizo ni za kusikiliza. Mazungumzo mafupi ya mwanzo huchezwa mara moja, yale marefu yanayofuata huchezwa mara mbili, na mtahiniwa hujibu papo hapo. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwa mtihani huo walipita milioni 13. Mwanafunzi wa mashambani China, kama mwenzake wa Kinango, huwa hasikii Kiingereza sana nje ya darasa. Ila kwa sababu sikio lake litapimwa, mwalimu wake analazimika kulipa mazoezi. Tahadhari pia ipo: maswali ya kuchagua jibu huzaa ujanja wa kubahatisha, na shule zinaweza kufundisha ujanja huo badala ya lugha. Basi tujifunze kwao kwamba kusikiliza kunapimika hata kwa umati mkubwa, huku tukitafuta umbo la jaribio linalotufaa sisi.

Kusoma kuna sehemu mbili

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa kusoma huzaliwa na vitu viwili: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Walisema viwili hivyo huzidishwa, havijumlishwi. Kimoja kikiwa sufuri, kingine hata kikiwa kikubwa kiasi gani, ufahamu ni sufuri. Anayetaka ushahidi wa kauli hiyo hana haja ya kutoka Kwale. Katika madrasa za Ukunda, Msambweni na Vanga, watoto husoma msahafu kwa ufasaha na kwa kufuata kanuni za tajwidi, na wengi wao hawajafika hatua ya kufundishwa maana ya Kiarabu. Uwezo wa kuyatamka maandishi wanao kamili, na ni elimu inayoheshimika. Maana huja baadaye kwa darasa jingine la tafsiri. Upande wa pili, ufuoni Diani wapo vijana, wale wanaoitwa mabichiboi, wanaoelewa Kiingereza, Kijerumani na hata Kiitaliano cha watalii vizuri kiasi cha kupatana bei ya safari ya Kisite, na baadhi yao wakipewa barua ya lugha hizo hizo hawaisomi. Sikio limefika mahali ambapo jicho halijafika.

Wanafunzi wetu wa upili wametawanyika kati ya ncha hizi mbili. Mtoto wa Kidigo au Kiduruma huanza na lugha ya nyumbani, hukikuta Kiswahili kila mahali, na Kiingereza hukisikia zaidi kwa walimu wake. Maandishi ya Kiswahili humzoesha kuona kwamba neno husomeka jinsi lilivyoandikwa. Ya Kiingereza hayana uaminifu huo. Kwa hiyo mmoja anaweza kuwa anaelewa maelezo ya mwalimu wa baiolojia barabara na kushindwa kusoma ukurasa wa kitabu hicho hicho, na mwenzake akawa anausoma ukurasa bila kujikwaa, huku hotuba ya dakika 3 ikimpita. Karatasi ya ufahamu huwapa wote wawili alama moja.

Faida ya kuipasua stadi na kupima kila kipande peke yake ilishaonekana katika kaunti hii. Kuanzia mwaka 2010, mradi wa utafiti ulioitwa HALI ulifanya kazi katika shule za msingi za umma 101 za wilaya zilizoitwa wakati ule Kwale na Msambweni. Kwa upande wa kusoma, shule 51 zilichaguliwa kwa kura. Walimu wake wa darasa la kwanza na la pili walipewa mafunzo, mipango ya vipindi, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwaongoza na kuwatia moyo. Shule 50 zilibaki za kulinganishia. Walimu waliofunzwa walitumia muda mwingi zaidi kushughulika na maandishi na uhusiano wa herufi na sauti. Baada ya miaka 2, watoto wao waliwazidi wenzao katika vipimo vitatu kati ya vinne vikuu vya kusoma, na walioacha shule walipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Watoto wale walikuwa wadogo, na kilichowafaa wao si lazima kimfae mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kanuni ndiyo inayohamishika: kipande kilichokuwa dhaifu kilijulikana, kikafundishwa hicho.

Jaribio lenyewe

Jaribio linalopendekezwa ni la kipindi kimoja. Mwalimu huandaa vifungu viwili vya urefu mmoja, tuseme maneno 250, vyenye msamiati na sentensi za uzito unaolingana. Kimoja kiwe, kwa mfano, juu ya upandaji wa mikoko Gazi, kingine juu ya uvuvi wa Shimoni. Darasa hugawanywa nusu mbili: nusu ya kwanza husoma kifungu cha mikoko na kusikiliza cha uvuvi, nusu ya pili hufanya kinyume chake. Hivyo kifungu kikitokea kuwa rahisi kuliko kingine, hakitaibeba stadi moja dhidi ya nyingine. Kila kifungu kina maswali 10: baadhi ya kukumbuka lililosemwa, baadhi ya kuunganisha mambo mawili, na baadhi ya kutambua nia ya msemaji au mwandishi. Sauti irekodiwe mapema kwa simu na mtu asiyekuwa mwalimu wa darasa hilo, kisha ichezwe mara mbili, maswali yakiwa mezani tangu mwanzo.

Maswali yenyewe yanahitaji kuchujwa kabla ya kutumika. Mtoto wa Gazi akiulizwa kwa nini mikoko ina faida, atajibu bila kusoma neno, kwa kuwa mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukifanya kazi kijijini kwao tangu mwaka 2013. Swali la namna hiyo linapima uenyeji. Njia ya kuchuja ni rahisi: wanafunzi kadhaa wa darasa jingine wapewe maswali bila kifungu, na swali lolote ambalo wengi wao watalipata liondolewe. Majibu nayo yawe mafupi, na mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili.

Alama zikitoka, mwalimu hupata picha ambayo karatasi ya ufahamu haimpi. Aliyepata 8 katika kusikiliza na 3 katika kusoma anaijua lugha; shida yake ni maandishi, na anahitaji kusoma kwa wingi, kwa sauti na kwa msaada. Aliyepata 3 katika kusikiliza na 8 katika kusoma anahitaji sikio lake lizoezwe. Aliyepata 3 kotekote amepungukiwa na lugha yenyewe, na kumwongezea karatasi za ufahamu ni kumpotezea muda; anahitaji msamiati, sarufi na mazungumzo.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni vifaa: shule nyingine hazina umeme wa uhakika, na madarasa yana kelele. Jaribio hili linahitaji simu moja na spika ndogo ya kuchaji. Palipokosekana hata vifaa hivyo, mwalimu wa darasa jingine anaweza kusoma kifungu kwa sauti, kwa mwendo uliokubaliwa. La pili ni lafudhi: ni Kiingereza cha nani kitakachosikika? Kwa jaribio la kutambua tatizo, sauti iwe ya Mkenya, kwa kuwa hiyo ndiyo mwanafunzi atakayoisikia chuoni na kazini. Lafudhi za wageni ziongezwe katika mazoezi, hasa kwa wanaolenga hoteli za Diani, ambako mhudumu akisikia chumba nambari 50 mgeni aliposema 15, oda inakwenda kwa mtu mwingine.

Wengine watasema kwamba kusikiliza kunapima kumbukumbu zaidi ya lugha. Ni kweli kifungu kikiwa kirefu na kikichezwa mara moja. Ndiyo sababu hapa ni kifupi, kinarudiwa, na maswali yako mbele ya mwanafunzi. Wapo pia watakaouliza iweje jaribio la Kiingereza lijibiwe kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba stadi ya kuandika Kiingereza inapimwa kwingine kwa alama nyingi. Tukiilazimisha hapa, tutarudi pale pale pa kutojua mwanafunzi alishindwa kuelewa au alishindwa kueleza. Kuhusu wanafunzi viziwi, haki inadai wasiingizwe kabisa katika sehemu ya sikio, wapewe kipimo sawa kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kwale ina walimu wa lugha hiyo wanaoweza kushauri.

Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza: KCSE haina sikio, basi kipindi hicho kinapotea. Lakini ufahamu una alama katika KCSE, na hoja nzima ya mada hii ni kwamba ufahamu huo hauwezi kuinuliwa kwa mwanafunzi ambaye tatizo lake halijulikani. Kipindi kimoja kwa muhula kinachomwonyesha mwalimu ni nani wa kufundishwa nini kinaokoa vipindi vingi vya mazoezi yasiyomgusa mtu.

Mapendekezo

Mambo matatu yanaombwa. Idara za Kiingereza za shule jirani ziungane kuandaa vifungu na maswali, kwa kuwa kazi ya kuchuja ni nzito kwa mwalimu mmoja. Maafisa wa elimu wa kaunti ndogo watenge hifadhi ya pamoja ya sauti na vifungu, inayofunguliwa kwa simu, ili shule ya Samburu ipate kile kile kinachopatikana Ukunda. Na Baraza la Mitihani la Kitaifa, linapoendelea kuunda tathmini za sekondari pevu, liweke kusikiliza kwa sikio katika tathmini za shuleni, kwa mwongozo wa wazi wa kusahihisha. Lakini kuanza hakuhitaji kibali cha mtu. Walimu waliohudhuria semina hii wanaweza kurudi shuleni, wakachagua darasa moja, wakapima sikio na maandishi kwa kipindi kimoja, na kuleta matokeo yao kikao kijacho. Tuanzie hapo, muhula huu.