KABLA YA TOFALI LA KWANZA
(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa sasa na wa zamani siku ya mkutano wetu, Musoma)



Nimeombwa niseme juu ya kuwekeza katika viwanja na nyumba. Nasema kama mtumishi wa serikali anayeishi kwa mshahara, kwa kuwa wengi wetu hapa ni wa namna hiyo, au tutakuwa.

Zamani hotuba hii isingetolewa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Leo mtumishi hakatazwi kujenga, ilimradi mali yake iwe ya halali, na kiongozi wa umma atoe tamko la mali kama sheria inavyotaka.

Lakini jambo moja halikubadilika. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliandika kijitabu Mali ya Taifa kupinga ardhi kuwa bidhaa ya mtu binafsi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, bado inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo, ndugu zangu, hununui udongo. Unanunua haki ya kuutumia, kwa muda na kwa masharti. Ikiwa muuzaji hana haki hiyo, umenunua hewa, hata kama amekuonyesha mpaka kwa kidole na majirani wakaitikia.

Basi, la kwanza: jua ardhi ni ya namna gani. Kiwanja kilichopimwa mjini kina namba, ramani na mawe ya mpaka. Usitosheke na nakala ya hati aliyoishika dalali. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililoandikwa na kama benki imeweka rehani. Soma pia matumizi yaliyoandikwa na muda wa kuendeleza. Ukienda vijijini, huko Majita au kando ya barabara ya Bunda, unaingia katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Huko Mtendaji peke yake hana mamlaka ya kukugawia ardhi. Msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, na ugawaji hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Barua yenye muhuri iliyoandikwa mezani kwa mtu mmoja haitoshi.

La pili: uliza nani mwingine ana haki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ardhi ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si na kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Akina mama na watoto wa kike wasipoitwa siku ya mauzo, utawakuta barazani siku ya kesi.

La tatu ni letu hasa, watu wa ziwani. Kiwanja cha Makoko au Mwisenge kinachotazama maji kinavutia sana. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukoni. Tena ziwa lenyewe lina sheria zake. Lilipanda sana baada ya mvua za mwanzoni mwa miaka ya sitini, likapanda tena mwaka 2020, likaingia katika nyumba za watu. Pima kwa kamba, usipime kwa macho.

La nne: piga hesabu kabla ya kuchimba msingi. Tuseme umejenga vyumba sita kwa shilingi 30,000,000, kila kimoja kodi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,880,000. Ondoa sehemu moja ya sita kwa kodi za serikali, matengenezo na miezi ambayo chumba ni kitupu, zimebaki 2,400,000. Fedha yako itarudi baada ya miaka 12 na nusu. Si hasara, ila si utajiri wa haraka. Kwa hiyo usikope mkopo wa miaka mitatu kujengea nyumba itakayojilipa kwa kumi na miwili. Anza na vyumba viwili, vipangishwe, kisha uongeze.

Nimeona kiinua mgongo cha mtu aliyetumikia zaidi ya miaka thelathini kikiishia katika kiwanja chenye wenyewe watatu. Si kwamba mtu huyo hakujua kusoma. Aliona haya kumdai rafiki yake karatasi. Wadogo zangu, kudai karatasi si kumtukana mtu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza hakikisha kibaba ni chako.