Amri ya Nne: Kuwatunza Wazazi Waliozeeka



Swali: Amri ya nne yatudai nini kwa wazazi waliozeeka?
Jibu: Yatudai kuwaheshimu, na kuwasaidia katika uhitaji, ugonjwa na upweke.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yezu aliwakaripia waliowanyima wazazi wao msaada, wakisingizia kwamba mali yao ni sadaka ya Mungu. Basi, sadaka ya kanisani haifuti deni la mzazi.

Mwaka 1839, huko Ufaransa, Mtakatifu Jeanne Jugan alimpokea bibi kizee kipofu, akamlaza kitandani pake mwenyewe. Masista wa shirika lake wanatunza wazee hata Nairobi. Hapa Bihambwe mzee hutunzwa na wanawe.

Kwa hiyo ndugu wakutane kabla mama hajashindwa kusimama. Kwanza wamwulize mwenyewe apenda kukaa kwa nani. Kisha wagawane kazi: mmoja atoe nafasi, mwingine maharagi na kuni, na aliye Goma alipie dawa. Anayemwosha mgonjwa usiku amekwisha kulipa fungu lake, asidaiwe tena.

Mungu awabariki.